Kucha Zetu Mbele ya Wakwe

Baba yangu alikuwa anakata kucha za miguu kwa koleo la kukatia waya. Alifanya kazi hiyo Jumapili baada ya ibada, nyuma ya nyumba yetu pale Shinyanga mjini, akiwa ametupa mgongo. Kila alipobana, kipande kiliruka, na kuku walikikimbilia wakidhani ni mahindi. Si kosa lao. Kucha zile zilikuwa nene, za njano, zimemeguka kingo, na mtu asiye na miwani angeweza kuziweka kwenye ungo akaanza kupepeta.

Kwetu ziliitwa kucha za ukoo. Babu alikuwa nazo. Kati yetu watoto watano, watatu tumezipata: marehemu kaka yangu, dada yangu mkubwa, na mimi. Wawili waliobaki wana kucha safi kabisa, na tulipokuwa wadogo tuliwaambia kwamba waliokotwa mnadani. Walilia. Leo wanavaa kandambili popote wanapotaka, nasi wenye kucha za ukoo tumekuwa wateja wakubwa wa soksi.

Jambo lililonisumbua akili tangu utotoni ni mama. Mama alivaa ndala za baba akienda chooni, aliogea karai lake, alilala naye kitanda kimoja miaka zaidi ya arobaini, na baba alipougua mwisho ndiye aliyemsugua miguu kila asubuhi kwa mikono mitupu. Kama ugonjwa unaambukiza, na sote tuliambiwa unaambukiza, basi mama alipaswa kuwa nao kabla ya mtu mwingine yeyote. Mpaka leo, na uzee wake wote, kucha zake zinang'aa kama za mtoto mchanga.

Baba mwenyewe hakuwa na muda wa fumbo hilo. Yeye alitaka dawa. Aliwahi kubeba chupa ya dawa ya josho kutoka kwa ndugu zake wafugaji, akaichanganya na maji, akatumbukiza miguu. Hoja yake ilikuwa kwamba dawa inayoua kupe wa ng'ombe haiwezi kushindwa na kidole cha binadamu. Ngozi ilichubuka mpaka vifundoni, akatembea kwa magongo wiki mbili. Kucha hazikushtuka hata kidogo. Nadhani zilinawiri.

Nilipokwenda chuo kikuu Dar es Salaam zangu zilikuwa zimetulia, nikadhani nimeziacha nyumbani. Bafu la bweni lilikuwa la watu wengi na sakafu yake haikukauka mwaka mzima. Niliyelala naye chumba kimoja aliingia humo peku, akaoga akiimba, akatoka bila hata kujifuta vidole. Mimi niliingia na ndala, nikajisugua kwa sabuni ya dawa, nikajipaka poda kama mtoto wa siku saba. Mwisho wa mwaka yeye alikuwa mzima, mimi nina vidole vitatu vya njano na mba mgongoni uliofanana na ramani ya Kanda ya Ziwa. Niliona ni uonevu.

Daktari wa zahanati ya chuo aliangalia, akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Nyumbani kuna mwingine mwenye hizi?" Nikamtajia orodha. Akaniambia kwamba vimelea vya fangasi viko kila mahali, kwenye udongo, kwenye sakafu, kwenye ngozi za wanyama, na kila mtu anavikanyaga. Miili mingi huvifukuza. Ipo miili ambayo kinga yake, kwa jinsi ilivyorithiwa, huviacha vikae, na mwili wa namna hiyo huonekana zaidi katika baadhi ya familia. Kwa hiyo, akasema, fangasi mwenyewe hukumrithi. Ulichorithi ni udhaifu wa kumfukuza. Nilitoka pale nimefurahi kupita kiasi kwa mtu aliyeambiwa ana udhaifu. Fumbo la mama lilikuwa limepata maelezo yake. Tangu siku ile nikawa nangoja mtu aniulize juu ya kucha zetu ili nimweleze. Miaka ilipita bila mtu kuuliza.

Swali lilikuja kwa njia ya posa.

Marehemu kaka yangu aliacha binti mmoja. Kwa desturi zetu mimi, baba yake mdogo, ndiye niliyesimama mahali pa baba. Binti ana kibanda cha chakula Kharumwa. Anawapikia wachimbaji wadogo wanaotoka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, wakiwa na mabuti ya mpira yaliyojaa tope. Ni mtu wa kazi, mcheshi, mkali kwa wasiorudisha sahani. Kucha za miguu anazo, na kwa kuwa mikono yake inashinda kwenye maji ya vyombo, kucha mbili za mkono wa kulia nazo zilikuwa zimenenepa na kubadilika rangi. Mwaka huo alikuwa pia na bakabaka la duara kwenye mkono, chini kidogo ya kiwiko, ukubwa wa mdomo wa kikombe.

Mchumba wake ni fundi umeme anayefanya kazi upande wa Bulyanhulu. Alikuwa amepokea sahani kutoka mikono hiyo kwa miaka miwili, kwa hiyo hapakuwa na siri kwake. Ndugu zake ndio walikuwa hawajamwona binti. Wakaja Shinyanga kujitambulisha: baba yake, mnunuzi wa almasi kutoka Maganzo; shangazi yake, mama mmoja mfupi mwenye macho yasiyotulia; na mshenga.

Lazima niseme kuhusu sheria ya nyumbani kwetu. Familia yenye ngozi kama yetu hujifunza mapema kutojikuna mbele ya wageni. Mama alitufundisha kwa kutufinya. Ukijikuna mbele ya watu, alisema, watadhani hatuogi. Siku hiyo dada yangu alimkamata binti jikoni akamwambia, "Hata ikuwashe namna gani, usijikune. Wakwe wapo."

Binti alipiga magoti na jagi na beseni, akawanawisha wageni mmoja mmoja. Alipofika kwa shangazi wa kijana, yule mama alinawa taratibu mno, macho yake kwenye zile kucha mbili. Kisha akaushika mkono wa binti kama anayemshukuru, akapitisha ukucha wake juu ya lile bakabaka. Binti hakutikisika. Akapitisha tena, kwa nguvu zaidi. Binti aliinamisha macho, mkono umetulia tuli. Mimi niliona yote hayo kutoka kwenye kiti changu na nilijaa fahari. Nikajisemea, huyu mtoto kalelewa.

Siku tatu baadaye mshenga alipiga simu. Alizunguka sana, akauliza hali ya mvua, hali ya mifugo ambayo sina, mwishowe akasema upande wa pili unaomba jambo lipumzike kwanza.

"Lipumzike kwa nini?"

"Shangazi mtu anasema mwili wa binti hausikii."

Sikuelewa. Dada yangu, aliyekuwa amesogeza sikio kwenye simu, alielewa mara moja akakaa chini. "Ukoma," alisema. "Wanasema tuna ukoma."

Baadaye tulijua kwamba yule mama, alipokuwa mtoto, aliona jirani yao akipelekwa kuishi peke yake pembeni ya kijiji. Alichokumbuka ni kwamba bakabaka la mtu yule liliweza kuchomwa mwiba naye asijue. Ndiyo maana alijaribu kwa ukucha. Alikuwa na njia yake ya kupima, na njia yenyewe wala si mbaya. Sisi ndio tuliomfundisha binti kuifeli.

Nilimpigia binti. Akasema, "Baba mdogo, mimi nilikuwa nasikia mpaka kwenye meno. Alivyokuwa anakwaruza vile nilitaka kumwomba aendelee."

Tulikwenda hospitali. Daktari, mwanamke kijana mwenye mzaha, alimfumbisha macho akamgusa kwenye bakabaka kwa kipande cha pamba, huku na huku. Kila mara binti alisema, "Hapo." Akamuuliza kama panawasha.

"Sana."

"Sasa mbona hukujikuna mbele yao?"

"Dokta, wakwe walikuwepo."

Daktari alicheka mpaka akashika meza. Kisha akawa makini, akatuambia kwamba hata ungekuwa ukoma, dawa ipo, tena ya bure, na mtu anapona. Kwa hiyo tusilitamke neno hilo kama tusi. Alikwangua unga wa ukucha na magamba ya ngozi, vikatazamwa kwenye darubini, tukapewa karatasi: fangasi. Bakabaka lingeondoka kwa dawa ya kupaka. Kucha zingehitaji vidonge kwa miezi, kwa kupima ini kwanza, na hata hivyo zingeweza kurudi. Binti alianza kuniangalia mimi badala ya daktari, kama anayeuliza zangu ziliwahi kupona.

Tulifanya kikao cha watu wawili, dada yangu na mimi. Kwa kweli kilikuwa kikao cha mtu mmoja.

"Utapeleka karatasi Maganzo," alisema. "Utasema ameipata kwenye maji ya vyombo. Basi. Usianze mambo yako ya vinasaba."

"Lakini ukweli ni kwamba..."

"Kaka yako aliacha mtoto mmoja. Mmoja. Akikosa mume kwa sababu ya mdomo wako, mimi na wewe hatutasalimiana."

Nikaahidi. Kwa kuwa ananifahamu, akasema tunakwenda wote.

Maganzo tulikaribishwa vizuri, kwa soda na karanga, kwa ule ukarimu ambao watu huutoa wanapokusudia kukataa. Nilimwamkia shangazi mtu, "Shikamoo, mayu," yaani mama kwa Kisukuma, akaitika, "Marahaba, msomi," na neno la pili lilikuwa na chumvi. Baba mtu, kama wanunuzi wengi wa mawe, alikuwa na lenzi ndogo inaning'inia shingoni kwa kamba. Nilipomkabidhi karatasi ya hospitali aliipachika ile lenzi jichoni bila kufikiri, akaisoma karatasi mstari kwa mstari kama anayetafuta ufa ndani yake. Akampa dada yake. Naye akasoma, akaikunja.

"Haya," alisema. "Si ukoma. Nimekosea, mniwie radhi, mtoto wa watu nimemwaibisha. Nilimkwaruza hakushtuka, ningejuaje?"

"Tumeshasahau, mayu," dada yangu aliwahi kusema. "Ni maji ya vyombo tu. Kazi yenyewe mnaijua."

Yule mama hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Wewe ndiye msomi. Niambie. Hiki kitu ni cha ukoo au si cha ukoo?"

Nilikuwa nimelingoja swali hilo tangu bweni la chuo, na lilinijia mahali pabaya kuliko pote. Ningeweza kujibu kwamba fangasi harithiwi, mtu humpata sakafuni au majini. Kila neno lingekuwa la kweli. Lakini hakuwa anauliza habari za sakafu. Alikuwa anauliza habari za wajukuu. Nikafikiri: nikimpa jibu la sakafu, harusi itafungwa, na miaka kumi baadaye kidole cha mjukuu wao kitaanza kunenepa. Atakayeulizwa siku hiyo si mimi. Ni binti, peke yake, ndani ya nyumba yao, ataitwa mwongo kwa uongo wangu. Hayo nilifikiri kweli. Siwezi pia kuapa kwamba hamu ya kutoa mhadhara haikuwepo.

Dada yangu alinikanyaga mguu. Alichagua kidole gumba, kibovu kuliko vyote, nikaruka.

"Una nini?" aliuliza baba mtu.

"Kidole," nilisema. "Nina kucha kama za binti. Baba yangu alikuwa nazo, na babu." Dada yangu alifumba macho. Nikaendelea kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza: vimelea viko kila mahali na kila mtu anavikanyaga, lakini sisi miili yetu haivifukuzi vizuri, na huko kutofukuza ndiko tunakorithi. Nikawaambia habari za mama na ndala za baba.

"Mama yenu hana kabisa?" aliuliza baba mtu.

"Hana."

"Na alivaa ndala zake?"

"Maisha yake yote."

"Ajabu hii," alisema, akasogeza kigoda mbele yangu. "Hebu tuone."

Nilivua kiatu na soksi mbele ya wakwe, jambo ambalo hata mke wangu huliona kwa nadra. Mzee alipachika lenzi, akainama juu ya kidole changu gumba. Alikaa hapo muda mrefu kuliko nilivyopenda. Alikigeuza kwa ncha ya kalamu, akatazama ubavuni, akauliza kimekuwa hivyo kwa miaka mingapi, nikasema inakaribia thelathini. "Tabaka juu ya tabaka," alisema, kwa sauti ya mtu anayeheshimu kitu. Nadhani hakuna aliyewahi kuutazama ukucha wangu kwa adabu kiasi kile.

Shangazi mtu hakuwa na haja na matabaka.

"Na watoto wa hawa wawili?"

"Wengine watapata, wengine hawatapata. Sisi tuko watano, tunazo watatu. Siwezi kukuahidi, mayu."

"Inaua?"

"Haiui."

"Inazuia uzazi?"

"Ingezuia, nisingekuwa hapa nimevua kiatu."

Mzee alicheka, akaachia lenzi idondoke kifuani. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, "Kwetu kuna presha. Imemchukua mama, imemchukua kaka yetu mkubwa. Mimi mwenyewe nameza vidonge. Na hawa hawakutuuliza."

Dada yake aligeuka kama aliyechomwa. "Nani kakutuma useme hayo?"

"Mwenzetu kavua kiatu. Mimi ninyamaze?"

"Presha si ya kuonekana!"

"Ndiyo maana nasema."

Ni kweli hatukuuliza. Tulikuja tukiwa tumejishughulisha mno na aibu yetu hata hatukukumbuka kwamba mtoto wetu naye anaingia kwenye ukoo wa watu. Nilitaka kuuliza presha ilianza kwa umri gani kwa kila mmoja, lakini dada yangu alikuwa bado ana mguu, na mimi nilikuwa peku.

Shangazi mtu alimenya karanga kadhaa asizozila. Mwishowe alisema hatoi jibu. Atakwenda Kharumwa mwenyewe, bila mshenga wala nani, amwone binti kazini kwake. Baada ya hapo tutaambiwa.

Kurudi Shinyanga dada yangu aliketi kiti cha nyuma, mimi mbele na dereva. Tulipofika mjini alisema sentensi moja tu: "Umevunja posa kwa hotuba." Binti alipopata habari alinipigia, na hakuwa na ucheshi.

"Ulisema ni ya ukoo?"

"Niliulizwa."

"Kwa hiyo ukiulizwa lazima ujibu? Wewe ni kasuku?"

Nikamweleza habari ya mjukuu na miaka kumi. Alisikiliza. "Na akikataa?" alisema. Nikasema akikataa nitakuwa nimemharibia, na sitakuwa na la kujitetea. Hakusema si kitu. Alisema ana wateja, akakata simu.

Zikapita wiki mbili. Nilisoma juu ya kinga ya ngozi kila nilichoweza kukipata, nikagundua kwamba wajuzi wenyewe hawajamaliza kuelewa kwa nini fangasi mmoja hukaa kwa huyu na kumwacha yule kitandani hapo hapo. Wakati mwingine wowote ningefurahia kujua hilo. Nilianza kuamka asubuhi nikiangalia simu kwanza, kisha vidole.

Binti alinipigia siku ya Jumamosi, kelele za sahani nyuma yake.

"Alikuja," alisema. "Amekaa siku mbili. Amenioshea vyombo, amegombana na mteja mmoja aliyetaka nyama ya ziada, kashinda."

"Amesemaje?"

"Ameniuliza kama inauma."

"Nini?"

"Kucha, baba mdogo. Aliniuliza kama inauma. Unajua nyumbani hakuna aliyewahi kuniuliza? Mliniambia nifiche, mkaniambia nisijikune, wewe ukanieleza vinasaba. Hakuna aliyeniuliza."

Kwenye vitabu vyangu vyote swali hilo halimo. Nikamuuliza alimwambia nini.

"Nilimwambia ya mkono haiumi. Ya kidole gumba cha mguu ndiyo, nikivaa viatu vya kufunga. Akaenda sokoni akaniletea sandozi zilizo wazi mbele. Anasema ndizo nitakazovaa siku ya harusi, watu waone mapema, wamalize kusema siku hiyo hiyo."

"Harusi?"

"Baada ya mavuno. Mshenga atawapigia, sasa ujifanye hujui." Alimfokea mtu kuhusu sahani, akarudi kwenye simu. "Lakini sandozi sivai. Yeye ni mama mzuri, ila harusi ni yangu. Nitavaa viatu vya kufunga, na vikiuma viume."